Kibera haikosi vipaji, inakosa vyumba

Ukishuka mathree pale Ayany saa kumi jioni, simama dakika mbili uangalie. Utaona watoto wakirudi shuleni na mabegi makubwa kuwaliko, mama wa chapo akiwasha jiko, watu wa bodaboda wakibishana kuhusu Gor na AFC. Halafu geuza macho pembeni, kwenye ukuta, kwenye mawe, kando ya duka la M-Pesa. Hapo utatuona sisi. Vijana wa miaka 18 hadi 30, tumekaa. Hatungoji mtu. Tumekaa tu.

Mtaani tunapaita base. Kama hujawahi kukaa base, basi una bahati, ama ulikuwa na karo. Mimi nilikaa base karibu mwaka mzima baada ya kuacha koleji nikiwa mwaka wa pili. Pesa ziliisha, ndio hivyo, sitakuchosha na hadithi ambayo nusu ya watu wa rika langu wanayo. Madhe alikuwa akitoka kazini ananikuta pale pale aliponiacha asubuhi. Siku moja alisimama, akaweka mfuko wa sukuma chini, akaniuliza: "Na huko kwa mawe mnasomea nini?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba base pia ni aina ya chumba, ila hakina paa wala mlango. Yeyote mwenye shughuli anaingia. Mwenye bangi anaingia. Mwenye simu zisizojulikana zimetoka wapi anaingia. Na kampeni zikianza, mwenye pesa za mwanasiasa anaingia, anahesabu vichwa, anagawa mia mbili mbili, na kazi ya kesho inaelezwa kwa sauti ya chini. Hakuna anayekulazimisha. Wewe ulikuwa umekaa hapo tu, na mia mbili ni mia mbili.

Mimi nilitolewa base na mvua. Ilinyesha ghafla, nikakimbilia chini kidogo, pale nyumba za mawe za Ayany zinapoishia na mabati yanapoanza, nikajificha kwenye mlango wa chumba ambacho masela watatu walikuwa wanachora. Wakaniambia niingie, nisilowe. Mvua ikaisha, sikutoka. Walikuwa na meza, soketi moja ya stima na laptopu nzee iliyokuwa inazima kila baada ya nusu saa. Makala yangu ya kwanza niliandika hapo, nikihifadhi kila mstari kwa hofu.

Ninakuandikia haya leo kwa sababu chumba hicho kina hadi mwisho wa mwezi.

Mwenye ploti anataka kukigawanya. Sisi tunalipa shilingi elfu sita. Akiweka kuta mbili za mabati anapata keja tatu, kila moja elfu tatu. Mzee si mtu mbaya, na hesabu yake ni sawa kabisa. Lakini kuna hesabu nyingine ya mtaa ambayo hakuna mtu huipiga. Hiyo ndiyo nataka tuipige pamoja, mimi na wewe.

Waluo wawili waliovaa shuka

Anza na 2001. Kulikuwa na wachoraji wawili wa mabango hapa Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota. Kazi yao unaijua: kichwa cha mtu mwenye nywele safi kwenye ukuta wa kinyozi, ng'ombe anayetabasamu juu ya duka la nyama, sahani ya ugali na samaki mlangoni mwa hoteli. Mabango ni biashara yenye ushindani. Kwa hivyo walivaa shuka za Kimaasai wakawa wanatembea mtaani hivyo wakitafuta kazi. Majina yao tu yanakuambia hawakuwa Wamaasai, na hapo ndipo utamu ulipo. Watu wakawaita Maasai Mbili, na jina likakwama.

Kutoka kwa hao wawili kikatokea kikundi, na kikundi kikawa na studio yake humu humu Kibera. Wasanii wake wameonyesha kazi kwenye magalari ya Nairobi na Ulaya, na huo ni ushindi mkubwa. Lakini mimi sivutiwi sana na Ulaya. Kinachonivutia ni kwamba walipoanza kujulikana hawakuhamisha mlango. Kijana wa mtaa aliyetaka kujua brashi inashikwa vipi hakuhitaji nauli, fomu, wala Kiingereza. Alihitaji kuvuka mtaro.

Hilo ni jambo la kulifikiria kidogo. Nairobi ina mahali pa sanaa. Ukumbi wa Kenya National Theatre upo tangu 1952. Kituo cha GoDown kilifunguliwa 2003 kwenye maghala ya Industrial Area na kimewalea wasanii wengi. Lakini kwa mtoto wa Gatwekera au Laini Saba, town ni nauli ya kwenda na ya kurudi, na nauli hiyo nyumbani ni unga. Chumba kilicho mtaani kinashinda ukumbi ulio town kwa sababu moja tu: unafika kwa miguu.

Maandishi ya ukutani

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, nilikuwa mtoto mdogo. Kitu ninachokumbuka ni moshi upande wa Toi Market, na wazazi wakiongea usiku kwa kunong'ona. Baadaye nikiwa mkubwa ndio nilisoma kwamba Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Hapa kwetu soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakahama usiku.

Lakini nakumbuka pia maandishi. Yalikuwa kila mahali, kwenye mageti, kwenye kuta zilizoungua, kwenye mabati ya vibanda vilivyobaki: maneno ya Kiingereza ya kuomba amani, na chini yake sahihi, Solo7. Nafikiri hayo ni kati ya maneno ya kwanza ya Kiingereza niliyoyasoma nje ya kitabu. Aliyeyaandika ni Solomon Muyundo, msanii wa hapa hapa, mmoja wa watu wa Maasai Mbili. Alizunguka na rangi wakati wengine wanazunguka na panga. Wakati huo huo Pamoja FM, redio ya mtaa iliyokuwa imeanza hewani 2007 tu, ilikuwa inawasihi watu wa Kibera kwa sauti wanazozijua watulie.

Sitakudanganya kwamba rangi ilizima moto. Siasa ndiyo iliuwasha, na mapatano ya Februari 2008 ndiyo yaliyouzima. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo lakini ni cha kweli. Januari hiyo kulikuwa na vijana wa Kibera waliokuwa na mahali pa kukutana na mtu wa kabila lingine kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya kupigana. Walikuwa na rangi mkononi tayari. Walikuwa na kipaza sauti tayari. Vitu hivyo huwezi kuvinunua siku ambayo moto umeshika. Vinatakiwa viwe vimekuwepo miaka kadhaa, vikilipiwa kodi wakati hakuna kitu kinachotokea.

Na vilizaa vingine. Hot Sun Foundation, ambayo mwanzo wake ni filamu fupi ya Kibera Kid ya 2006, ilianzisha shule ya filamu humu Kibera. Mnamo 2010 ikatoka Togetherness Supreme, filamu ndefu kuhusu kijana msanii wa Kibera katikati ya vurugu hizo, iliyotengenezwa mtaani na vijana wa mtaa. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiungua akawa ndiye anashika kamera.

Uchaguzi ujao ni wa 2027. Mwenye mia mbili mbili ataanza kuzunguka mapema kuliko unavyofikiri, na atapita kwenye base kwanza. Hatapita kwenye chumba chenye watu wenye kazi. Unaona sasa kwa nini nina haraka?

Pesa inazunguka vipi

Najua unawaza: sanaa haileti unga. Madhe pia aliwaza hivyo. Basi nikueleze ninachokiona kwa macho Jumamosi kwenye chumba chetu chenye kodi ya elfu sita.

Asubuhi wanakuja watoto kama thelathini kuchora na kuigiza. Mama wa mandazi amejua, kwa hivyo amehamisha karai lake likawa mlangoni. Fundi wa mbao wa ploti ya pili anatutengenezea fremu kutokana na vipande alivyokuwa akivichoma. Dada mmoja wa kushona anarekebisha nguo za michezo ya kuigiza, na akina mama wanaomsubiri mtoto amalize darasa wanamletea zipu zilizoharibika. Njia hiyo ilikuwa na giza na watu waliiogopa baada ya saa moja jioni. Sasa ina taa moja, yetu, na kwa sababu ya taa hiyo kuna mtu anauza smokie hadi saa tatu usiku. Hakuna mradi uliopanga hayo. Watu wakiwa na sababu ya kupita mahali, biashara inawafuata.

Na mifano mikubwa ipo. Octopizzo alipotafuta jina la rap alilitoa kwenye namba nane, namba ya mathree ya Kibera, na jina hilo limefika mbali kuliko mathree yenyewe. David Ochieng, unayemfahamu kama Avido wa LookSlike Avido, ni mbunifu wa mavazi aliyetokea hapa. Corona ilipoingia 2020 alishona barakoa akawagawia watu wa mtaa bure, na 2023 Kibera ikapata wiki yake ya fasheni. Mike Wamaya alianza kuwafundisha watoto wa Kibera densi ya ballet darasani, madawati yakisukumwa pembeni, na 2017 akaingia kumi bora wa tuzo ya Global Teacher Prize, inayotafuta walimu dunia nzima.

Angalia hilo la madawati. Watoto hao hawakukosa miguu wala masikio. Walikosa sakafu. Mtu aliposukuma madawati, sakafu ikapatikana.

Vuka Ngong Road uende Kawangware na utakuta mambo ni yale yale. Kule Riruta, kwenye barabara ya Kabiria, kuna Kivuli Centre, iliyoanzishwa miaka ya tisini na jumuiya ya Koinonia kwa ajili ya watoto wa mitaani. Wapo vijana waliotoka huko wakawa wanasarakasi na wapiga ngoma wanaoishi kwa kazi hiyo. Napenda jina lake kwa sababu halijigambi. Kivuli hakikufanyii kazi. Kinakupa mahali pa kusimama jua likiwa kali, ufikirie utakachofanya.

Sasa turudi kwa hesabu ya mwenye ploti. Keja tatu kwa elfu tatu ni elfu tisa. Sisi tunalipa sita. Tofauti ni shilingi elfu tatu kwa mwezi. Gawa kwa watoto thelathini. Ni shilingi mia moja kwa mtoto, mwezi mzima. Hiyo ndiyo bei ya kuwaweka mbali na yale mawe, na bado mtaa hauna mtu wa kuilipa, kwa sababu mzazi mwenye watoto watatu hawezi kila mwezi, na mfadhili anapenda kulipia kitu kinachoonekana kwenye picha. Kodi haipigwi picha.

Picha ni ya nani

Tukiongea kuhusu picha, wewe na mimi tunajua wageni wanaipenda Kibera. Wanakuja, wanapiga, wanaenda. Kwa miaka mingi tuliambiwa tuko milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Bado ni wengi, lakini ona jinsi mtaa mzima unavyoweza kupewa namba na watu ambao hawakuwahi kugonga mlango. Mwaka huo huo, 2009, vijana wa mradi wa Map Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakaweka njia, vyoo, visima na shule kwenye ramani ya intaneti iliyokuwa imeacha eneo letu wazi.

Sisemi mgeni asije. Mfaransa JR alikuja 2009 akafunika mapaa yetu kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, kama mita 2,000 za mraba. Lakini picha hizo hazikuwa za karatasi. Zilikuwa za plastiki isiyopitisha maji, kwa hivyo mvua iliponyesha ziliwafaa wenye nyumba. Akina mama walipata sanaa na paa lisilovuja kwa mpigo mmoja. Ndio kipimo changu tangu hapo. Mtu akileta mradi wa sanaa Kibera, muulize: mvua ikinyesha utatusaidia?

Na tuambiane ukweli hata sisi wenyewe. Kuna vituo mtaani ambavyo bango lake ni kubwa kuliko kazi yake. Unapita Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kufuli. Mgeni akija na kamera, watoto wanaitwa, ngoma zinatolewa, picha zinapigwa, kufuli linarudi. Vituo vya namna hiyo vinatuharibia sote, kwa sababu mzazi akidanganywa mara moja hatamleta mtoto wake kwa mwingine. Chumba cha kweli utakijua kwa jambo dogo: kina watu siku ambayo hakuna mgeni.

Tingatinga halina wasiwasi

Hata tukipata hiyo elfu tatu, kuna kitu kingine ambacho huwa tunakiogopa bila kukitaja. Karibu kila chumba nilichokitaja humu Kibera kinasimama kwenye ardhi ambayo mwenye kukitumia hana karatasi yake. Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba za maelfu ya watu zilianguka, na shule pia. Barabara tunaitumia, hata mimi. Lakini shule ilipoanguka hakukuwa na mahali pa kuhamisha madawati, na mahali pa mazoezi pakianguka hakuna hata anayeandika kwamba paliwahi kuwepo.

Nchi hii ina kumbukumbu ya jambo hilo. Kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wao wenyewe wa wazi mwaka 1977 na kuigiza humo mchezo wa Kigikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali ikaupiga marufuku mwaka huo huo, na mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi walifika wakaubomoa ukumbi wenyewe. Jiulize kwa nini walijisumbua. Ilikuwa mbao na viti tu. Walijisumbua kwa sababu walielewa kitu ambacho sisi wenye vyumba hatujakielewa bado: watu wakiwa na mahali pao, hawahesabiki kirahisi kama vichwa vya base.

Leo sheria iko upande wetu kuliko ilivyokuwa kwa watu wa Kamirithu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya utamaduni, pamoja na maktaba na burudani za umma. Soma tena: jukumu, si hisani. Kwa hivyo MCA wa wadi yako akija na fulana na jezi za mpira, zipokee, lakini muulize swali moja. Je, bajeti ya mwaka huu ina chumba hata kimoja cha vijana wa wadi hii, chenye stima, kinachofunguliwa kila siku, kwenye ardhi ya umma isiyoweza kuuzwa? Muulize mbele ya watu. Akisema ataangalia, muulize tena mwezi ujao.

Wiki iliyopita tulienda kumwona mwenye ploti. Tulikuwa wanne, tumevaa vizuri kama watu wa kuomba posa. Tulimsalimia, "Shikamoo mzee," akatukaribisha chai. Tukamwambia tunaweza kufikisha elfu nane, si tisa, wazazi wakichanga mia mia wale wanaoweza na sisi tukiongeza kutokana na mabango tunayowachorea watu wa maduka. Alinyamaza muda mrefu akikoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Halafu akasema, "Mjukuu wangu huja hapo kwenu Jumamosi. Nipeni hadi tarehe ishirini na nane niongee na watoto wangu."

Kwa hivyo hatujui. Ukitaka kujua, njoo Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi. Usilete kamera kwanza. Nunua mandazi mlangoni, keti kwenye benchi la nyuma, uone wanachofanya. Kama una duka na bango lako limefifia, tuna wachoraji, na bei tutaelewana. Kama unaishi Kawangware, Mathare au Mukuru, usije kwetu, tafuta chumba cha kwenu uingie, kisha uulize kodi yao ni ngapi.

Na ukipita Ayany saa kumi jioni ukawakuta vijana wamekaa kwenye mawe, wasalimie. Waambie chini kidogo, pale mabati yanapoanza, kuna mlango uko wazi. Kwa sasa.